Bi Odessa Anamfuata Tamia

Watu wa magharibi mwa Detroit humjua Bi Odessa Pettway kwa mlio wa gari lake kuukuu kabla ya kumjua kwa sura. Ni karani wa mahudhurio katika shule yetu ya mkataba, yaani ya umma inayoendeshwa kwa kibali cha miaka michache, na kwa miaka kumi na moja amewatoa watoto kitandani bila haya. Baba mmoja alidai mwanawe ana homa. Bi Odessa akaingia ndani, akampapasa mtoto paji la uso, akasema, "Homa hii ni ya hesabu. Vaa viatu." Mdomo anao, hata yeye hakatai.

Mwaka huu mkataba wetu ulikuwa unaisha. Alama za mtihani wa jimbo zikishuka tena, shule inafungwa. Asubuhi ya mtihani wa kusoma nilipeleka ofisini orodha ya waliofika katika darasa la tano ninalofundisha: wanafunzi kumi na tisa kati ya ishirini. Aliyekosekana ni Tamia, ambaye kwa kusoma ndiye hushika mkia.

Bi Odessa alikuwa ameshashika funguo. Mkuu wa shule, Bwana Tolliver, akamzuia.

"Huyo mwache leo. Jimbo linataka asilimia tisini na tano wafanye, na tumeshafika."

"Kwani anaumwa?"

"Sijui. Mwache tu, dada yangu."

Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

"Miaka yote unanituma," Bi Odessa akamwambia, "leo ndiyo umejua gari langu linakula mafuta?" Akatoka.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na chumvi kidogo. Alimkuta Tamia sebuleni anatazama katuni, kavaa sare kamili.

"Sare ya nini, na shule huji?"

"Nilifika kona nikarudi. Nikifanya mimi, shule itafungwa."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Si jina langu liko kwenye rangi nyekundu ya wanaofeli, pale ukutani darasani, tangu Septemba?"

"Na breki zangu zinalia tangu Septemba. Twende."

Garini mtoto akauliza, "Nikifeli je, Bi Odessa?"

"Utafeli ukiwa kwenye kiti chako, na wenzako. Funga mkanda."

Walipofika niliwafungulia mlango mwenyewe. Tamia alisimama katikati ya darasa, akitazama meza yake. Meza kumi na tisa zilikuwa na kompyuta za mtihani. Kompyuta ya ishirini sikuwa nimeitoa kabatini.