Mianzi ya Bibi na Picha ya Kalenda

Juzi pale Maili Moja fundi mmoja wa vitanda vya mianzi alikuwa akishusha mzigo wake kwenye guta. Alitupa mianzi chini miwili miwili, ikagongana kwa ule mlio wake mkavu, ta-ta-paa, na mimi niliyekuwa nimeshika mfuko wa nyanya nikajikuta nimeinua mguu wa kulia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimekanyaga mwiba. Nikamwambia ndiyo, maana ningeanzia wapi kumweleza? Ninyi nitawaeleza, kwa sababu jambo lenyewe bado linanichoma na nimechoka kulinyamazia.

Mama yangu ni Mfilipino. Alikuja nchini kufundisha wakunga, akakutana na baba, mtu wa Maneromango aliyekuwa akifanya kazi maabara, na baada ya ndoa nikaja mimi, Tumaini. Tuliishi Tumbi, kwenye nyumba ya bati jekundu yenye uwanja mpana. Pale mtaani Ufilipino haikujulikana. Mama alikuwa "yule Mchina" na mimi "mtoto wa Mchina," na muuza duka wa karibu alipenda kuniuliza mbele za watu kama leo kwetu tumekula vyura. Nilikuwa nakasirika mpaka masikio yanapata moto. Mama hakukasirika. "Waache, watazoea," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha taratibu.

Aliyezoea mapema kuliko wote ni jirani yetu Mama Shabani, na alizoea kwa njia ya tumbo. Mama alikuwa na keki ya kwao inaitwa bibingka, ya unga wa mchele na tui la nazi, anaioka kwa makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Siku ya kwanza Mama Shabani alisimama jikoni, mikono kiunoni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Yaani umetoka huko kote uliko, umepanda ndege, unakuja kunipikia mkate wa kumimina?" Tangu siku hiyo hatukuulizwa tena habari za vyura, angalau na nyumba ile.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa sita, Wafilipino wa Dar na kandokando yake walikuja uwanjani kwetu kusherehekea uhuru wa kwao. Nyumba nyingi za Dar hazikuwa na nafasi, na kwetu ilikuwepo, na kivuli pia. Tangu asubuhi kulinukia siki na kitunguu saumu vikichemka pamoja. Ile ni adobo, mchuzi ambao kwa mara ya kwanza utadhani umeharibika, na kwa mara ya pili utaomba sahani nyingine. Mama alipika kwanza ya kuku, kwenye sufuria yake maalumu, kwa ajili ya Mama Shabani na wanawe, ndipo aliporuhusu nyama ya nguruwe iingie uwanjani. Meza ziliunganishwa, zikatandikwa majani ya migomba, wali ukamwagwa katikati kuanzia mwanzo wa meza hadi mwisho, samaki na mboga juu yake, na kila mtu akala kwa mkono. Wageni walidhani wanatuonyesha ajabu. Majirani zetu walinawa wakakaa, wala hawakuona cha kushangaza.

Lakini mimi nilichosubiri mwaka mzima kilikuwa kicheko cha mama. Siku za kawaida alicheka kwa kufunika mdomo. Siku ile, akishazungukwa na hao kina Tita, ndivyo kwao wanavyowaita shangazi na mama wadogo wote, alizungumza kwa kasi ambayo hata baba hakuweza kuifuata, halafu kicheko kikampanda juu kabisa, chembamba, akawa anajipigapiga pajani. Nilikuwa nikimtazama nikijiuliza huyu mtu anaishi wapi miezi mingine yote.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa na ilikuwa zamu yangu kucheza tinikling. Ni ngoma ya mianzi. Watu wawili wanaketi chini wakitazamana, wameshika mianzi miwili mirefu, wanaigonga chini mara mbili kisha wanaigonganisha, na mchezaji anaruka ndani na nje kabla haijamnasa kifundo cha mguu. Mama alisema ni kuigiza ndege anayekwepa mitego ya wakulima wa mpunga. Bibi yangu, mama yake baba, aliposikia hivyo kule Maneromango, aliacha kupeta mchele. Utoto wake wote ulikwisha bondeni akiamia ndege wasile mpunga. "Kumbe na kwao ndege wanakula mpunga, mashetani hao!" alisema, akachukua panga, akaenda kwenye kichaka chake nyuma ya nyumba kutukatia mianzi.

Likizo nzima tulifanyia mazoezi uwanjani kwake. Bibi alishika upande mmoja, mama upande wa pili, mimi katikati bila viatu. Bibi hakuwa na huruma hata chembe. Nikichelewa kidogo tu, paa! mianzi imenibana, naye anapiga kelele, "Tumenasa! Leo kitoweo!" Vifundo vyangu vilivimba. Kabla ya likizo kwisha nilikuwa naruka nikiwa nimefumba macho, na Bibi akaniambia kwamba ndege kama mimi wangemmalizia shamba.

Siku yenyewe Bibi alikuja Tumbi na mianzi yake juu ya Fuso la mkaa, amevaa kanga mpya, akaishusha mianzi mwenyewe. Nami nilikuwa nimevaa sketi pana ambayo mama aliishona kwa mkono. Ndipo likaingia gari la Tita Baby. Msicheke. Alikuwa mama mtu mzima, mwenyekiti wa chama chao, na jina lake alilojulikana nalo lilikuwa Baby, na kina Tita wote waliona ni sawa. Nilimwendea nikashika mkono wake, nikaugusisha kwenye paji la uso wangu, maana ndivyo mtoto wa kwao anavyomsalimia mkubwa. Aliuacha mkono wake pale huku akitazama juu ya kichwa changu. Alikuja na mpiga picha. Mwaka huo chama kilikuwa kinatoa kalenda, na picha ya mwezi wa sita ingekuwa ngoma yetu.

Tita Baby alinitazama nywele, akanitazama miguu, kisha akamgeukia mama na kumwambia kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba mimi nikae chini nishike mianzi. Acheze Angel. Picha inataka mtu anayefanana na watu wa kwetu.

Angel alikuwa binti wa familia iliyokuwa ndiyo kwanza imehamia Dar. Mtoto mpole, sina ugomvi naye. Ngoma hakuijua, na lugha ya wazazi wake hakujua hata neno la kuombea maji. Mimi niliijua. Mama alinifundisha tangu nikiwa naogeshwa kwenye beseni. Nilielewa kila kitu alichosema Tita Baby, na yeye wala hakujisumbua kupunguza sauti. Kwa muuza duka nilikuwa Mchina. Kwa mwenyekiti sikufanana. Niambieni, mtoto huyu aende wapi?

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mwiko, mchuzi unadondoka kwenye kandambili zake, na hakusema kitu. Angesema neno moja tu! Nikaketi chini. Nikashika ncha za mianzi aliyoikata bibi yangu, Tita mmoja akashika upande wa pili, na Angel akasimama katikati akitabasamu kwa woga, huku mpiga picha akisogeza sufuria zisionekane.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mchicha. Alipoikuta mianzi imelala na mimi nimeketi, aliinama usoni pangu.

"Mbona umekaa, mama? Umeumia?"

"Wamesema sifanani nao, Bibi. Anacheza yule."

Bibi aliinuka polepole. Hakumtazama Tita Baby kabisa. Alimtazama mama.

"Mkwe wangu, mwanao kakosa nini?"

Mama Shabani aliweka tonge chini. Tita Baby akaanza kucheka, akamwambia mama kwa lugha yao amweleze huyu bibi kwamba ni picha tu, asiharibu shughuli. Mama aliweka mwiko juu ya sufuria. Akajifuta mikono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja, ikachukua muda mrefu sana. Kisha akajibu, na alijibu kwa Kiswahili, ili kila aliyekuwepo asikie.

"Dada, mwanangu ndiye anacheza. Asipocheza yeye, mianzi ya mama yangu inarudi Maneromango."

"Ni picha tu," Tita Baby alisema, sasa kwa Kiswahili.

"Basi mpige picha yeye."

Mpiga picha alimtazama mwenyekiti wake, akarudisha kamera kwenye mkoba. Tita Baby akaita watu wake. Nikaona mabakuli yakifunikwa, milango ya magari ikifungwa, kina Tita wakimpita mama wakitazama viatu vyao. Mmoja tu alimgusa bega. Wali ulikuwa bado unafuka moshi mezani.

Nami nilicheza. Mama upande mmoja, Bibi upande wa pili, Mama Shabani na wanawe wakipiga makofi, na sikunaswa hata mara moja. Nilijiona nimeshinda vita. Nilipomaliza, mama alimwendea Bibi, akashika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona akilifanya kwa mtu yeyote nchini.

Mwaka uliofuata sherehe ilifanyika hotelini Dar. Mwaliko haukuja, wala mwaka uliofuata. Mama aliendelea kupika adobo yake kila mwezi wa sita, na nikipita dirishani nilimsikia akizungumza lugha yake na sufuria. Nilidhani ni tabia ya wapishi. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, nilipopelekwa kazini ng'ambo, mahali ambapo kwa wiki nzima sikumpata mtu wa kumwambia shikamoo. Ule ukimya wake wenye mwiko mkononi ulikuwa wa mtu aliyewekewa mezani vitu viwili na kuambiwa achague. Alijua wale watu wakiondoka wanaondoka na nini. Akanichagua mimi, kisha akarudi kuosha vyombo.

Watu hunishauri nisahau, eti wale akina mama nao walikuwa ugenini. Mama yangu je, alikuwa kwao?

Sasa sikieni. Mwezi uliopita simu ya mama ililia, Tita Baby mwenyewe kwenye spika, sauti imezeeka. Chama kinatoa kalenda tena, na safari hii wanataka watoto wa damu mbili, maana siku hizi sura zetu zinapendeza. Je, Tumaini anaweza kuja na wanawe? Na ile mianzi bado ipo? Nilikuwa sebuleni, nimeshasimama kumnyang'anya mama simu, maneno niliyoyatunza tangu nikiwa na miaka tisa yamejipanga mdomoni.

Mama akamjibu kwa lugha yao, kwa ile kasi yake, kisha akacheka. Kicheko kilekile, cha juu kabisa, chembamba, akijipigapiga pajani. Nilisimama na mkono wangu hewani. Miaka yote hiyo kilikuwa humo ndani yake, kizima, hakijapungua, nao walimnyima watu wa kucheka nao, kwa ajili ya picha ya kutundika ukutani.