Sifuri Sawasawa na Sifuri

Ipo asubuhi moja, mdogo wangu, ambayo kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Ningekuita mwanangu, kama wanavyosema watu wazima wakitoa nasaha, lakini utanicheka. Umri wenyewe sina. Nivumilie tu.

Nilikuwa nimefeli hesabu kidato cha nne, nikawa najifundisha mwenyewe nyumbani Gungu ili nirudie mtihani. Kilichonitesa ni maswali ya mafumbo, yale unayosoma habari za watu halafu unaambiwa utafute namba mbili usizozijua. Mwalimu sikuwa naye, kwa hiyo nikaanza kujitungia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke, nikajiwekea sharti la ajabu: fumbo nililotunga mwenyewe likinishinda, hesabu si zangu, sijiandikishi.

Likanishinda.

Nilichukua binamu zetu wa Ujiji, Ashura wa miaka ishirini na Zuberi wa miaka kumi na minne. Nikaandika: Ashura anamzidi Zuberi miaka sita. Miaka minne iliyopita, Ashura alimzidi Zuberi miaka sita. Je, kila mmoja ana miaka mingapi? Umri wa Ashura nikauita a, wa Zuberi z. Nikapata milinganyo miwili, nikatoa mmoja kwenye mwingine. a ikaondoka, z ikaondoka, ikabaki sifuri sawasawa na sifuri. Nikarudia kwa mwandiko mzuri zaidi. Sifuri. Nikajaribu kubahatisha: ishirini na kumi na nne, inakubali. Thelathini na ishirini na nne, inakubali. Hata bibi wa miaka tisini na mdogo wake wa themanini na minne, inakubali! Jibu nilikuwa nalo kichwani, ila hesabu haikutaka kulitoa. Nililia, kweli.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikanikuta ufukweni Kibirizi na begi langu, nangoja boti ya Kagunga niende kwa mjomba kuanika dagaa. Hapo akaniona Mwalimu Eliwaza, jirani yetu mstaafu aliyefundisha hesabu miaka mingi. Alikuja kununua samaki.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Begi la nini, na leo ndiyo mwisho wa kujiandikisha?”

Nikampa karatasi yangu. Akaisoma amesimama.

“Hujakosea hata mstari mmoja.”

“Sasa mbona sifuri, Mwalimu?”

“Kwa sababu umeniambia jambo moja mara mbili.”

“Si moja! Hii ni ya sasa, hii ya miaka minne iliyopita.”

“Na hiyo miaka minne, Ashura alisimama kumngoja Zuberi?”

Nikaitazama tena karatasi. Wanakua pamoja. Ile sita haibadiliki hata wazeeke.

“Dada, unapanda au mnafanya tuisheni?” kijana wa boti akaita. “Injini inawaka hii!”

“Mwache kwanza,” Mwalimu akamjibu, kisha akanigeukia kwa ukali. “Swali limepungukiwa habari, wewe unajiita mjinga! Haya, nipe habari nyingine ya watoto hawa.”

“Ukijumlisha umri wao… thelathini na nne.”

“Andika.”

Nikaandikia juu ya begi. Jumla thelathini na nne, tofauti sita. Nikajumlisha milinganyo, z ikaondoka, Ashura wawili wakawa arobaini. Ishirini! Nilipoinua kichwa, boti ilikuwa imeshaondoka. Nikapanda bodaboda, nikajiandikisha.

Usidhani sasa naelewa kila kitu. Mpaka leo swali likiwa refu kichwa kinazunguka, na bado nachana karatasi kwa ajili ya mwandiko. Lakini shika hili. Ukifika mahali kila kitu kimefutana, usikimbilie kujilaumu. Uliza kwanza kama habari mbili ulizonazo ni mbili kweli. Mimi nilijiambia sifai, kesho yake nikajiambia tena, nikadhani ushahidi unaongezeka; kumbe ni sauti yangu ile ile. Mwonyeshe mtu karatasi yako kabla hujafunga begi, hata kama ina aibu.

Mungu akujalie habari ya pili, mdogo wangu. Na siku utakapoikosa, akujalie mtu wa kukwambia kwamba haipo.