Kusafirisha Jicho la Nyutrino Kutoka Makambako

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, nilikuwa nafundisha fizikia Njombe. Daktari Rehema wa chuo kikuu akaniomba nimfuatie mzigo Makambako: tufe la kioo lenye kuona mwanga hafifu kuliko wa kimulimuli. Alitaka kulizamisha Ziwa Nyasa, kule Manda, ajue kama maji yale yanafaa kunasia nyutrino, chembe zirushwazo kwa nguvu kubwa kutoka galaksi yetu na kwingineko angani. Hupenya milima na miili yetu bila kuacha alama. Mara chache mno moja hugonga maji, ukatoka mmweko wa buluu.

"Sina jingine," alinionya. "Likipasuka, tumekwisha."

Stesheni ya Makambako, mpagazi alilishusha kwa kishindo sanduku lenye tufe. Mabasi yalijaa, nikamwendea Mzee Athumani, msafirishaji aliyekuwa akipeleka marobota ya mitumba Njombe kwa lori lake.

"Shikamoo, mzee. Nina kioo."

"Marahaba. Cha dirisha?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Vitu visivyoonekana! Haya, panda, Mwalimu."

Njiani mvua ilitukuta na ukungu. Kwenye mteremko lori liliteleza, gurudumu likaingia mtaroni. Sanduku likajigonga, ubao ukaachia. Sikuthubutu kutazama; Mzee Athumani ndiye aliyechungulia.

"Tufe ni zima. Ila linacheza sandukuni."

Akatoa kisu, akakata robota lililofungwa.

"Mzee, wateja si hulikataa likishakatwa kamba?"

"Shika masweta hayo, jaza!"

Njombe, jioni, Daktari alikuwa akinisubiri; tuliliunganisha tufe na mita katika stoo yenye giza. Sindano ya mita haikusogea.

"Funga mlango vizuri," Daktari alisema. Akakaza waya. Sindano ikatikisika. Tufe lilikuwa likifanya kazi; aliketi sakafuni.

Manda, tufe lilifanya kazi yake vyema; maji ndiyo yaliyotuangusha. Mto uingiao ziwani pale ulikuwa umemwaga tope la mvua, mwanga wa taa tuliyoizamisha kwa majaribio ukapotelea humo.

Tukirudi, tulipita Makambako kwa Mzee Athumani.

"Mmezinasa?"

"Hapana. Pale hapafai."

Niliogopa atacheka. "Basi mmejua," akasema, akatukaribisha chai.

Nami nilidhani Daktari atakwenda kwao kupumzika. Kumbe watafutaji wa vitu kama hivi hukosa, wakafunga mizigo upya. Treni ya kumrudisha chuoni ilipoanza kuondoka, Daktari aliinama dirishani, akapaza sauti:

"Mwalimu, Ziwa Tanganyika umewahi kufika?"