Farasi Aliyeninusa Tumbo

Katikati ya miaka ya sabini mume wangu alikuwa msimamizi wa wachungaji kwenye ranchi moja nje ya mji wa Shinyanga. Ng'ombe walikuwa mamia, farasi mmoja tu: jike mwekundu, aliyekwisha zeeka, ambaye meneja wa zamani alimwacha alipoondoka. Nilipata kibarua cha kumtunza asubuhi, kumpa maji na pumba, kumpiga brashi, kumtembeza. Jioni alikuwa mikononi mwa mzee mmoja aliyemhudumia miaka mingi, na ambaye hakupenda kabisa kugawana kazi hiyo na mwanamke.

Kwangu farasi yule alikuwa mtundu. Alinisukuma kwa kichwa, alinivuta kanga, nikichelewa na pumba alinikanyaga makusudi. Halafu kiangazi kimoja, ndani ya wiki moja, akabadilika. Nikiingia bandani alininyooshea shingo, akaninusa begani, akashuka taratibu mpaka tumboni, akabaki hapo akipumua. Nikimtembeza alikwenda hatua fupi fupi, kama anayemwongoza kipofu. Mtu mwingine akinisogelea, alilaza masikio nyuma.

Mzee, aliyekuwa akipita asubuhi kutukagua, aliyaona hayo kabla sijamwambia mtu.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "umefunga nini kiunoni?"

"Sijafunga kitu, baba."

"Farasi hanusi bure. Mimi hajawahi kuninusa hivyo."

Nilimwelewa. Alidhani nimekwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kumvuta mnyama, ili yeye aachishwe kazi. Na mimi nikamshuku yeye: labda anatia kitu kwenye pumba ili nionekane mchawi. Siku kadhaa nilizipeta pumba kwenye ungo kabla ya kumlisha. Sikukuta kitu ila vijiwe. Nikabadilisha sabuni, nikafua kanga zangu zote. Bado alininusa.

Maneno yakafika nyumbani. Mama mkwe alikuwa akikaa nasi, na siku moja nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta mto wangu umefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, kama mtu alikuwa akitafuta hirizi ndani. Wakati wa kula, mume wangu aliutazama ugali, akanitazama mimi, akauliza nani kaupika. Swali hilo lilinichoma. Miaka minne ya ndoa, mimba mbili zimetoka, na hakuwahi kuuliza nani kapika.

"Kama una wasiwasi, sema," nikamwambia.

"Unatumia dawa?"

"Dawa ya nini?"

"Ya kupata mtoto. Mama anasema umeitafuta kwa siri."

Kesho yake nikaenda zahanati kwa hasira tu, nipimwe, waambiwe sina dawa yoyote mwilini. Nesi akanilaza kitandani, akaniminya tumbo, akaniuliza maswali mawili matatu.

"Una mimba ya miezi mitatu," akasema.

Siku zangu zilikuwa za kubahatisha tangu zamani, na nilikwisha acha kuzihesabu. Niliogopa hata kufurahi.

Nilipowaambia, mume wangu alikaa kwenye kizingiti, akashika kichwa. Mama mkwe ndiye aliyezungumza.

"Mnyama amejuaje kabla yetu?"

Mzee wa farasi aliposikia habari, alininyang'anya ndoo ya maji, akawa anaibeba mwenyewe kila asubuhi mpaka siku niliyoacha kazi. Hakuomba radhi, wala sikumwambia kuwa nilizipeta pumba zake.

Masika nikajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alimpokea, akamgeuza huku na huku, akakagua vidole kimoja kimoja. "Ni mzima," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaridhika. Mpaka mtoto anaanza kutembea, hakuruhusu kabisa apelekwe kwenye banda la farasi. Na mimi, kusema kweli, sikubishana naye.