Wahusika Wote Wamekufa

Rosalba Anena alinifundisha tofauti ya l na r kwa miaka mitatu, na bado kuna siku ulimi wangu unaniangusha. Mimi ni Mganda wa Lubaga, jina langu Erinayo, na kwetu herufi hizo mbili huingia na kutoka zinavyopenda. Nilikuwa mpiga taipu wake katika maktaba ndogo iliyokuwa ghorofani, upande wa Kikuubo, Kampala, juu ya wafanyabiashara waliouza sukari siku ilipokuwepo na siku nyingine wakauza maneno tu.

"Erinayo," alikuwa akiniambia, "kula ni ya tumbo, kura ni ya sanduku. Ya sanduku siku hizi haipo, kwa hiyo tafadhali usiniletee kwenye barua za ofisi."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kila siku, dirisha likiwa wazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinuka kulifunga.

Baba yake alikuwa polisi, Mwacholi, na Rosalba alikulia katika laini za polisi, zile nyumba za kambini, mahali ambapo kila mtu alizungumza Kiswahili na kila mtu alikivunja kwa namna yake. Masista wakampeleka Tabora kusomea ualimu, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kuwaudhi watu. Ukimwambia "hii vitabu," hakujibu mpaka useme "hivi." Ndiyo maana nilimwita Mwalimu, ingawa darasa lake lilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na minne.

Kaka yake, Ochan, alikuwa askari. Mwaka sabini na mbili alikwenda kazini asubuhi akiwa amepiga pasi shati lake mwenyewe, na hakurudi. Rosalba alikwenda kuulizia kwenye ofisi sita. Ofisi ya sita ikamwambia kwamba mtu wa jina hilo hajawahi kuajiriwa. Hakuwahi kulia mbele yangu kwa jambo hilo. Alianza tu kuandika jina la kila mtu aliyeingia maktaba, hata aliyekuja kujikinga mvua.

Katika maktaba ile Rosalba alipenda rafu moja kuliko zote. Ilikuwa na riwaya tano za Mwingereza mmoja wa zamani, fundi wa saa, aliyekufa kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Alituachia nchi ambayo haipo. Ndani yake kulikuwa na Mfalme Asiyelala, ambaye aliogopa watu wake kiasi kwamba aliwafungia ndani ya mlima. Kulikuwa na Bibi wa Majina, aliyehifadhi majina ya waliopotea ndani ya chungu ili yasisahauliwe. Kulikuwa na dubu aliyesema. Na kulikuwa na Mfua Chuma wa Chini ya Mlima, mtu mpole, aliyetengeneza ufunguo wa gereza kwa sababu hakuna aliyemkataza. Rosalba alivisoma vitabu vile kila mwaka kuanzia cha kwanza hadi cha tano. Mimi sikuvisoma. Niliona ni mambo ya watoto, na tena Kiingereza chake kilikuwa kirefu.

Sasa Kiswahili kilikuwa kimetangazwa lugha ya taifa, na serikali ya wanajeshi ikaanza kukitumia kwa pupa, kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Ikaja barua. Kila maktaba ieleze, kwa Kiswahili, watu wanasoma nini. Kwa kila mwandishi, tutaje maudhui na wahusika.

Barua hiyo, naapa, iliandikwa na mtu aliyesoma shule. Maudhui na wahusika, ndivyo walimu wanavyofundisha: kitabu kinasema nini, na nani wamo ndani yake. Tatizo ni kwamba majibu hayakwenda kwa mtu aliyesoma shule. Yalikwenda kwenye ofisi moja ya jeshi kule Mbuya, na huko neno wahusika lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Redio ilitwambia kila siku: mali imefichwa, wahusika watakamatwa. Daraja limevunjika, wahusika wanatafutwa. Katika Kampala ya miaka ile hakuna aliyetaka kuwa mhusika wa jambo lolote, hata la harusi.

Hatukuliwaza hilo, na mpaka leo linanichoma. Rosalba alipoteza siku mbili nzima akipunguza makali ya maudhui. Mfalme anayefunga watu hakuweza kumwandika hivyo, basi akaandika: "Mfalme ana tatizo la usingizi. Fundisho: umuhimu wa kulala mapema." Alicheka peke yake mpaka miwani ikamtoka. Lakini kwenye wahusika hakuona hatari, akajaza jedwali kwa uaminifu, nami nikapiga taipu: "Mfua Chuma. Kazi: kufua chuma. Makazi: chini ya mlima. Tendo: alitengeneza ufunguo wa kufungulia gereza." Mwisho wa karatasi, kama nilivyomalizia barua zote za ofisi, nikapiga: "Mwandishi: Rosalba Anena." Nikaipiga muhuri mara mbili. Nilikuwa napenda muhuri.

Wiki mbili baadaye alikuja Pélagie. Huyu alikuwa mama wa Kizaire, kutoka pande za Bukavu, mke wa fundi bati aliyeitwa Mushagalusa. Karakana yao ilikuwa kwenye mteremko wa Kibuli, chini ya msikiti, na nusu ya masanduku ya bati na sigiri za mkaa za mtaa ule zilitoka mikononi mwa mume wake. Sanduku la chuma la maktaba yetu alilitengeneza yeye. Pélagie alipanda ngazi zetu bila viatu.

"Mama Rosalba," alisema, "basoda ba jeshi balimubeba bwana yangu. Jana muchana. Banasema eti ni muhusika. Miye sijue muhusika ni nini. Wewe unajua Kiswahili, uniambie, ni kosa ya namna gani?"

Rosalba alimkalisha kitini. Akamuuliza walisema nini kingine.

"Banasema anakaa chini ya mulima. Banasema ameshatengeneza funguo ya prison. Bwana yangu hajue funguo. Anajua sigiri."

Nilimwona Rosalba akigeuka kutazama rafu yake, na uso wake ulipoteza rangi yote. Aliketi. Akasema, bila kututazama, "Walimchukua Ochan bila karatasi. Huyu nimewaandikia karatasi mimi."

Baadaye tulisikia mambo yote. Ofisi ile ilikuwa imefanya kazi kwa bidii. Ajuza watatu walihojiwa kuhusu chungu cha majina. Dubu anayesema, baada ya msako wa siku nne, aliandikwa kuwa amevuka mpaka. Mfalme Asiyelala hakutafutwa. Kila mtu pale alijua anakaa wapi, na hakuna aliyetaka kwenda kumuuliza.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Mbuya kwa miguu, Rosalba akiwa na kitabu cha tatu kwapani, mimi nimebeba mashine ya taipu kichwani kwa sababu aliniambia tutaihitaji. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Njia nzima nilimwambia, Mwalimu, waeleze tu kwamba ni hadithi.

"Nikisema ni hadithi," alinijibu, "nimeipelekea serikali ripoti ya watu ambao hawapo. Watatufunga sisi, na Mushagalusa hawatamwachia, kwa sababu watakuwa wamekosea, na wao hawakosei."

Aliyetupokea alikuwa Kapteni Marjan, Mnubi, mtu mwembamba mwenye macho mekundu. Mezani pake palikuwa na ripoti yetu. Sikuwahi kuona kazi yangu imesomwa kwa makini namna ile. Ilikuwa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mama," alisema, "hii mfua chuma yako tumepata. Lakini iko kichwa ngumu. Inasema inatengeneza sigiri tu."

"Afande, mliyemchukua siye."

"Kwa nini siye? Kazi yake chuma. Nyumba yake chini ya mlima. Ni wewe iliandika."

"Niliandika kweli, afande. Lakini wa kwenye ripoti alishafariki."

Kapteni aliweka kalamu chini. "Alikufa wapi?"

"Kitabu cha tatu, afande. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili."

Alikipokea, akakifungua. Alisoma akiweka kidole chini ya mistari, midomo ikitembea. Alisoma muda mrefu sana. Jasho lilinitiririka mpaka viatuni, na Rosalba alisimama wima amekunja mikono kama anasubiri mtoto amalize zoezi. Hatimaye Kapteni alifunga kitabu.

"Ni kweli," alisema. "Amekufa. Wewe, kijana ya taipu, andika. Mtu iliyokufa haiwezi kukaa selo, inamaliza nafasi. Haya mengine?"

"Wote wamekufa, afande," Rosalba alisema.

"Ile mama ya chungu?"

"Amekufa."

"Ile dubu?"

"Huyo alikufa njiani, afande, kabla ya mpaka."

Nilipiga taipu. Kapteni akainamia karatasi, akashusha sauti. "Na mfalme?"

Vidole vyangu vilisimama. Nilijua Rosalba hasemi uongo kwa urahisi, na nilijua mfalme yule anastahili nini. Nadhani hata Kapteni alibana pumzi.

"Mfalme ni mzima, afande," Rosalba alisema. "Amepata usingizi."

"Vizuri. Andika: mfalme salama."

Nikaandika. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuvuta karatasi. Lakini yeye alikuwa ameichukua ripoti ya kwanza, ile yenye muhuri mara mbili, na kidole chake kikashuka mpaka chini kabisa.

"Hapa kuna moja imebaki. Mwandishi. Hii ndiyo kichwa ya hii watu yote, si ndiyo? Ndiyo ilipanga." Akasoma polepole. "Rosalba Anena."

Rosalba alikuwa ametumia uongo wake wote kwa ajili ya Mushagalusa, naona hakujiwekea hata mmoja. Na mimi niliyelipiga neno lile, kwa mazoea tu, kwa kupenda karatasi imalizike vizuri, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka.

"Na mwandishi amekufa, afande."

Kapteni alimtazama Rosalba aliyesimama hatua mbili kutoka mezani pake. Akanitazama mimi.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alizungusha kalamu yake nyekundu mara mbili tatu, kisha akasema, bado ananitazama mimi, "Basi andika. Lakini mtu ikikufa inazikwa mbio, na inazikwa mbali. Kesho sitaki kuona maiti inatembea kwa mji yangu."

Akatia sahihi. Mushagalusa aliletwa saa sita mchana, amevimba jicho, akakabidhiwa karatasi inayothibitisha kwamba ni marehemu. Aliikunja, akaitia mfukoni, akamsalimia Rosalba kwa heshima zote, kisha akauliza kama maktaba ilikuwa na shida na sanduku lake.

Siku hiyo hiyo marehemu wawili na Pélagie walipanda lori la chumvi kwenda Kasese na kuvuka hadi Zaire. Rosalba alinipa funguo za maktaba mlangoni. Nilianza kumwomba msamaha kwa lile neno, mwandishi. Akanikatiza. "Ulilipiga bila kosa hata moja," alisema. Nilirudi ghorofani nikakaa kwenye kiti chake, na nililia bila aibu.

Alifundisha Bukavu miaka mitano. Vita vilipoisha na wakubwa wa Mbuya walipokimbia, alirudi, mvi zimemjaa, akapanda zile ngazi. Mimi sikuwepo asubuhi hiyo, nilimkuta mchana. Meza ilikuwa na karani mpya, mwanamke mwenye heshima aliyeitwa Kaltumi, na faili lilikuwa wazi mbele yake. Serikali ilikuwa nyingine, lakini mafaili yalikuwa yale yale.

"Samahani, mama," Kaltumi alikuwa akisema. "Hapa imeandikwa ulifariki. Kadi ya kuazima tunawapa walio hai. Kuna sahihi ya kapteni, na mpiga taipu ni..." Akaniangalia.

"Ni mimi," nikasema.

Rosalba alicheka mpaka miwani ikamtoka, kama zamani, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa khanga. Maktaba ilikuwa yake, na hakuweza kuazima humo hata gazeti.

Kwa hiyo nikatoa kadi yangu. Alichagua kitabu cha tatu. Kaltumi alipokuwa akikiandika kwa jina langu, nilikishika, na kwa mara ya kwanza maishani nikafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Nilisoma kutoka juu hadi chini. Nikarudia, kwa kidole, midomo ikitembea.

Hakuna aliyekufa pale. Jua linatua, mke wa mfua chuma amemletea sahani mlangoni.

"Mwalimu," nilimuuliza, "Kapteni alijua Kiingereza?"

"Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili," Rosalba alisema. "Nilikuwa namtazama."

Mstari wa mwisho unasema mfua chuma amekaa, anakula. Nimeuandika kwa l, na nimehakikisha.