Maji Tuliyotia Kwenye Betri

Chumba cha betri pale Juani kilikuwa cha matofali, kimepakwa chokaa, na mlango wake ulifungwa kwa kufuli mbili. Ndani, betri ishirini na nne zilipangwa juu ya jukwaa la mbao, kila moja ina kimo cha ndoo. Mchana zilijazwa umeme wa jua kutoka kwenye paneli za paani. Usiku ziliwasha taa za nyumba zetu na za msikiti, na muhimu kuliko vyote, friji ya chanjo ya zahanati. Kabla ya hapo, mama mwenye mtoto wa kuchanjwa alivuka bahari hadi Utende, kisha akatafuta pikipiki ya Kilindoni.

Mtunza betri alikuwa baba yangu mkubwa. Zamani alikuwa nahodha wa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku hifadhi ya bahari ilipoanza. Miaka kadhaa alikaa nyumbani akiwashonea wengine nyavu zao, na katika mashauri ya kijiji akawa mtu wa kuitwa mwisho. Siku aliyokabidhiwa funguo zile, watu walianza tena kumwita nahodha. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya umeme. Kila kilichosemwa kikaoni nilikiandika, na nilijivunia kwamba sikuwahi kuongeza wala kupunguza.

Kazi yake kubwa ilikuwa maji. Betri za aina ile hupungukiwa maji kadiri zinavyochajiwa, na kila baada ya wiki chache zilitakiwa kuongezwa maji maalumu ya chupa, yasiyo na chumvi wala chokaa. Tuliyanunua Kilindoni kwa mzee mmoja wa Kihindi, ambaye duka lile alilirithi kwa baba yake. Mbele ya duka palikuwa na benchi refu. Watu wa Juani tulilijua vizuri, maana ndipo tulipokaa kusubiri habari za wagonjwa wetu waliolazwa hospitali, na mzee yule alitutolea maji ya kunywa bila kuombwa.

Mwaka wa tatu betri zilianza kuchoka. Taa zilififia mapema, kisha friji ikawa inazima kabla ya alfajiri. Muuguzi akazifungasha chanjo zilizoharibika kwenye boksi, akabandika karatasi mlangoni: Hakuna chanjo.

Fundi aliletwa kutoka bara. Alifungua vifuniko kimoja kimoja, akamulika ndani kwa tochi, wanakamati tumejipanga ukutani.

"Mzee, mnatia maji gani humu?"

"Ya chupa," alijibu baba mkubwa.

"Mmenunua wapi?"

"Dukani. Kilindoni."

Fundi alitikisa kichwa. "Haya yana chumvi na chokaa. Tazameni ukoko huu. Hizi haziponi tena."

"Basi Mhindi katujazia maji ya kisima," alisema mwenyekiti.

"Kaona watu wa visiwani hawa, kibandiko cha chupa watakisomea wapi," akadakia mmoja mlangoni, na wengine wakacheka.

Nikayaandika maneno yao. Baba mkubwa alikuwa akifuta funguo kwa ncha ya kikoi.

Jioni ile nilizunguka nyuma ya chumba, mahali palipotupwa chupa tupu. Zote zilikuwa zimepauka kwa jua, majani yametambaa juu yake. Hapakuwa na hata moja mpya. Asubuhi nikaenda nyumbani kwake. Jikoni palikuwa na sufuria kubwa, na kitambaa cheupe kimeanikwa kambani. Hata kabla sijauliza, akaanza mwenyewe.

"Nilikuwa nayachemsha," alisema. "Nayachuja mara tatu. Kisima chetu kile, mwanangu, hakuna maji matamu kuliko yake. Bibi harusi anaogeshwa kwayo. Nikasema, yanayomfaa mtu yataishinda betri?"

"Ulianza lini?"

"Chupa zilipokwisha, kabla ya Maulidi. Nyie kamati mlikuwa mnabishana nani avuke akanunue."

Ilikuwa kweli. Mabishano yale yamo katika daftari langu, vikao viwili.

"Jana umeandika nini?" akaniuliza.

"Nimeandika walivyosema."

"Basi nisitiri."

Kwetu neno hilo ni zito. Aliyeombwa sitara na mtu aliyemlea hana pa kwenda nalo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kilindoni na mke wangu kumchanja binti yetu. Tulipofika dukani, benchi halikuwapo. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Wewe si ndiye katibu wao?"

"Ndiye mimi."

"Watu wenu wamesimama hapo mlangoni wakaniita mwizi mbele ya wateja. Mara ya mwisho mmechukua maji kwangu kabla ya Maulidi. Nikatuma salamu kwamba nimewawekea boksi jingine. Hakuna aliyekuja. Boksi lile pale." Lilikuwa juu ya rafu, lina vumbi, utepe wake haujakatwa. "Sasa niambie, maji niliyowauzia ni yapi?"

"Nitalifikisha kikaoni, mzee."

"Haya. Lifikishe."

Nje, mke wangu alikuwa ameketi chini akimnyonyesha mtoto, pale pale ambapo miguu ya benchi ilikuwa imeacha alama nne ardhini.

Kikao kilichofuata nilikwenda na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika sentensi mbili: lini maji ya chupa yaliisha, na maji gani yalitumika. Niliusoma muhtasari wa kikao kilichopita kama ulivyokuwa, pamoja na maneno kuhusu duka. Mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna marekebisho?"

Baba mkubwa alikuwa amekaa mkabala nami, amenyoa, amevaa kanzu. Funguo zilikuwa bado mkononi mwake. Nilingoja aseme. Nadhani na yeye alikuwa akiningoja mimi.

"Hakuna," alisema mtu wa nyuma.

Nikaandika: hakuna. Mwenyekiti akatia saini.

Tulipotoka, baba mkubwa alinishika mkono. "Na wewe Mungu akusitiri," alisema.

Ilinipasa niitikie amina. Nikamuuliza kama amekumbuka kufunga mlango wa chumba cha betri.

"Nimefunga," akasema. "Kufuli zote mbili."