Uchafu wa Shemeji

Dobi alikuwa na maadui watatu duniani: kutu, wino na mafuta ya gereji. Miaka thelathini na minne alipambana nao kwenye mabeseni manne ya uani, na sabuni ikamlipa kwa kumfuta mistari ya vidole. Siku alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, mashine ilikataa kumtambua, na karani akamshauri kwa upole arudi siku nyingine, pengine atakuwa ameshakuwa mtu.

Mkewe, ambaye mtaa mzima, dobi akiwemo, ulimwita Mwalimu, alifundisha hesabu hadi akastaafu, akatoka na kikohozi cha chaki na hamu ya kuwa na kitu chenye uhai cha kutazama. Watoto hawakujaliwa. Akanunua tangi la kioo lenye urefu wa meza ya kupigia pasi, akalijaza maji na mawe, kisha akatia samaki mmoja tu: rangi ya udongo, tumbo bapa, madoa mwili mzima, na mdomo wa kunyonya uliokaa chini ya kichwa kama kitu kilichokumbukwa mwishoni. Dobi alimwinamia, akamkagua kwa jicho la kazi, akatoa hukumu.

"Haya hayatoki."

Samaki akapewa jina la Shemeji, kwa heshima ya kaka yake Mwalimu, aliyewahi kuja kwa wiki moja akakaa miezi kumi na minne. Huyu naye alishinda amejibandika ukutani, hasemi, haulizi, anakula. Tofauti yao, alisema Mwalimu, ni kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na huyu alikuja na jembe lake mdomoni. Kazi yake ilikuwa kulamba ule ukoga wa kijani unaoota kwenye kioo na mawe, akisogea taratibu na kuacha nyuma yake njia safi, kama mtu anayepiga pasi. Kwa hilo tu dobi alimheshimu.

Miaka sita waliishi hivyo, watatu. Jioni Mwalimu alikaa mbele ya tangi na kikombe cha chai akizungumza na samaki, na dobi, akiwa na pasi mkononi, alipata habari zote za nyumba yake kwa njia hiyo. Shemeji, mwambie mwenzako chumvi imeisha. Shemeji, muulize mwenzako anakohoa nini tangu jana. Mwenzake alijibu kupitia kwa samaki huyohuyo. Kuna ndoa zilizo na wasuluhishi wa gharama kubwa zaidi na mafanikio madogo.

Kisha Mwalimu akaanza kukonda. Alikonda kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu, na siku daktari aliposema alazwe alisimama mlangoni na mfuko wake akatoa maagizo.

"Mwangalie Shemeji. Hana makuu, anakula uchafu tu. Nirudi nimkute."

Sasa, kwa dobi neno uchafu lina maana moja: kitu cha kuondolewa kabla mwenyewe hajaja. Alifikiri jambo lile vizuri. Mwenye nyumba akirudi akakuta kioo kimeota kijani, atasemaje? Tena, kusafisha ndilo jambo pekee alilojua kumfanyia mtu. Wengine huimba, wengine huandika barua, yeye alisuuza. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, alikunja mkono wa shati, akachukua ile brashi laini ya kola, akasugua kioo pembe kwa pembe. Mawe aliyatoa moja moja akayapitisha maji matatu. Sabuni hakutia, hilo alilijua. Alipomaliza tangi akaingia kabatini: mashuka, foronya, taulo, magauni, hata kitambaa cha kufutia miwani. Vyote vikafuliwa, vikanyooshwa, vikakunjwa kumngoja Mwalimu. Shemeji alihamia pembe moja, halafu nyingine, kama mpangaji anayefuatwa na mafundi wa rangi. Mshonaji wa nyumba ya pili alipopita kusalimia alisema alidhani samaki anaelea hewani. Dobi aliichukua kama sifa.

Hospitali waliruhusu wageni saa kumi. Mwalimu alikuwa na magauni mawili ya kulalia; dobi alileta moja limenyooshwa hadi mkunjo wa mkono, akaondoka na lile la jana ndani ya mfuko. Wauguzi walimtania kwamba wodi nzima hakuna mgonjwa anayeumwa amevaa vizuri kama yule. Kila siku Mwalimu aliuliza kama Shemeji hajambo, na kila siku akajibiwa hajambo, anasalimu. Wiki ya tatu akauliza kioo kikoje.

"Hakuna hata alama ya kidole," alisema dobi.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliopata jibu kubwa kuliko swali.

"Sasa anakula nini?"

"Uchafu."

"Upi?"

Dobi aliokota mfuko wenye gauni la jana. Alipotoka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka, mama mwenye miwani minene, alimuuliza swali moja tu, tumbo la samaki likoje. Dobi alisema limebonyea, kama mfuko wa shati usio na kitu.

"Mzee wangu," alisema yule mama, "umekuwa ukimfagilia sahani."

Akamweleza taratibu. Ule ukoga si uchafu, ni shamba lake. Kwa sasa amchemshie kipande cha tango, akizamishe, lakini samaki aliyedhoofu hivyo huenda asikiguse sana. Dawa ni mawe: ayaweke ndani ya maji juani, asiyaguse, yaote. Wiki mbili hivi, kama samaki atafika.

Tango alilizamisha kwa kifungo cha shaba cha koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Shemeji alililamba kidogo, kwa adabu, kama mgonjwa anayelishwa na wageni. Mawe yalikwenda uani, ndani ya beseni la nguo nyeupe, maana ndilo lililopata jua zaidi. Wateja waliona. Mshonaji aliona.

"Dobi, siku hizi unafuga uchafu?"

"Nafuga."

Kesho yake alikiri mbele ya kitanda. Alisema yote, brashi ya kola, maji matatu, sahani iliyofagiliwa, na Mwalimu akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Alisema kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kumpa mtu sifuri kwa kufuta vizuri mno. Tangu siku hiyo salamu ikabadilika. Hakuuliza tena kama Shemeji hajambo, aliuliza habari za jiwe kubwa, kwa sauti iliyozidi kupungua, "Limeota?" Na dobi akajibu bado. Halafu akajibu linateleza. Halafu, siku moja, akajibu limeanza, kama ndevu za kijana wa shule, na Mwalimu akatabasamu akiwa amefumba macho.

Asubuhi ya kumi na tatu jiwe kubwa lilikuwa la kijani kote. Dobi alilibeba kwa mikono miwili kama mtoto, akalishusha ndani ya tangi, akasubiri. Kisha Shemeji akajiachia kutoka kwenye kioo, akashuka, akalikumbatia jiwe lile kwa mdomo wake wote.

Dobi hakungoja saa kumi. Njiani alipanga namna atakavyolisema, akachagua neno moja tu, lingetosha. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, pembe ya shuka imekunjwa vibaya. Aliona hilo kwanza. Muuguzi alimkabidhi mfuko wa Mwalimu.

"Limeota," dobi alimwambia, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

"Pole, mzee," alisema muuguzi.

Nyumbani alipita moja kwa moja uani, akafungua mfuko, akatoa gauni. Kwenye kola palikuwa na tone la chai. Akaliloweka, akalifikicha, akalisuuza, akatia bluu kidogo ya kung'arishia, akakamua, akaanika. Alikuwa amebana kibanio cha pili mikono iliposimama yenyewe. Akaingiza uso ndani ya kitambaa kibichi. Kilinuka sabuni, sabuni yake, ile inayonuka kwenye mashati ya kila mtu mtaani; Mwalimu hakuwemo.

Mshonaji alipoingia kumpa pole alimkuta sebuleni, milango yote ya kabati wazi. Mashuka yalikuwa sakafuni, foronya, taulo, magauni yote, na dobi amepiga magoti katikati, akiinua kimoja baada ya kingine hadi puani na kukiweka kando. Ndani ya tangi Shemeji alikuwa bado juu ya jiwe, mdomo ukienda, tumbo limeanza kurudi.

Mshonaji aliuliza anatafuta nini, wasaidiane.

"Uchafu," alisema dobi.

Mshonaji hakuelewa, lakini ni mtu wa adabu. Akapiga magoti naye, akaokota foronya, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na kitu. Akaokota nyingine.